Jenereta Msibani

Mzee Lupakisyo alinishtaki kwa mwenyekiti wa kitongoji mara tatu kwa sababu ya jenereta langu: kelele, moshi, harufu ya dizeli. Alipofariki, mtu wa kwanza kugonga mlango wangu alikuwa mkwewe. Nyumba ya mzee haikuwa na umeme, na msiba ulihitaji taa na spika. Alikuja kuazima jenereta.

Hapa Kidodi msiba haunyimwi kitu. Nikatoa, huku moyoni nimenuna.

Kesho yake asubuhi lori la miwa likagonga nguzo, umeme ukakatika. Ndani ya mashine yangu ya kutotolesha vifaranga kulikuwa na mayai mia mbili sitini, siku ya kumi na tisa. Zilibaki siku mbili. Yakipoa, ni ya kutupa, na mtaji wangu wote ulikuwa humo. Nilikasirika, ila sikujua nimkasirikie nani, dereva au marehemu.

Kwenda kudai jenereta msibani, hapana. Nikapakia mashine kwenye bajaji, nikaifunika khanga, nikaenda kulia na wenzangu.

"Shikamoo mama. Pole sana," nilimwambia mjane, Mama Katarina.

"Marahaba mwanangu. Umebeba nini?"

"Mayai."

"Ya kupika?"

"Ya kutotoa, mama. Yanataka umeme."

Akafikiri kidogo. "Weka chumbani kwa mzee. Waya unafika."

Basi jenereta likanguruma siku tatu chini ya dirisha la mzee. Mchungaji alihubiri kwa kupiga kelele. Dizeli ilipopungua, waombolezaji wakachanga nyingine. Siku ya mazishi, jeneza likiwa linatoka mlangoni, vifaranga walianza kutoboa maganda. Walitoka mia mbili na kumi, na nililia kwa furaha mahali ambapo hakuna aliyeshangaa.

Matanga yalipoisha na umeme ukiwa umerudi, nilikwenda kuchukua vitu vyangu. Nikazima jenereta. Nyumba ikanyamaza.

"Liwashe," alisema Mama Katarina.

"Vifaranga wameshatoka, mama."

"Najua. Kila ulipoliwasha kule kwako, mzee alikuwa ananiita. 'Katarina, unasikia?' Hapo ndipo tulipoanza kuongea, mpaka chai inapoa."

Nikamimina dizeli iliyobaki, nikavuta kamba. Likanguruma.

Akakaa kwenye kiti cha mumewe, akatazama dirishani.

"Nasikia," akasema.