Watu Wasiojua Kubembeleza

Malkia alikwenda ughaibuni kusomea utengenezaji wa miguu bandia, lakini wiki haijaisha alikuwa ameshaihukumu nchi nzima, na hukumu yake haikuwa na rufaa. Chumba chake kabati la viatu. Barabarani watu walitembea kama waliofumaniwa. Salamu zao kikohozi tu: "Hm," mtu kashapita. Umeamkaje, hawana habari. Kwenu wazima, haiwahusu.

Kilichomkera zaidi kilikuwa jikoni. Alikaa nyumba moja na mwanafunzi mwenzake, ambaye kimoyomoyo alimwita Mama Mayai, maana kila yai alilolitia kwenye friji aliliandika jina lake kwa kalamu. Hata kuku aliyelitaga hakujigamba hivyo!

Jioni moja Mama Mayai aliinjika supu. Harufu ikapanda, tumbo la Malkia likaanza kunguruma.

"Utakula?"

"Aa, nimeshiba mwenzangu, asante," Malkia akajibu kiungwana, akajiweka sawa kitini kusubiri aambiwe: hebu onja kidogo, usinitie aibu.

"Sawa," akasema Mama Mayai. Akala. Akasugua sufuria. Akaenda zake chumbani.

Malkia akampigia mama yake.

"Mama, hakuniambia mara ya pili!"

"Hakukwambia?"

"Kasema sawa! Sawa, kisha kijiko kinywani!"

"Weee! Hao wamezaliwa au wameokotwa? Kula mkate wako, mwanangu, usinifie huko."

Wakawasengenya wenyeji mpaka simu ikakatika. Na mama alijua anachokisikia, kwani jina hilo la Malkia binti yake alipewa na kaka zake, kwa vile tangu utotoni hakugusa kinono bila kubembelezwa. Na akishabembelezwa, wabembelezaji hulala na njaa.

Dharau ni tamu inapohusu supu. Ilianza kuchacha karakanani. Mwalimu wao, ambaye wanafunzi walimwita Bi Plasta kwa vile koti lake lilikuwa jeupe kwa plasta kuliko kwa kitambaa, aliwakusanya akasema benchi la wagonjwa limebaki na nafasi moja. Kila mtu alijua maana yake. Mwenye benchi hupima kigutu cha mtu aliye hai, humwaga plasta, hupiga msasa. Asiye nalo hukaa mwaka mzima akikodolea picha za magoti.

Malkia hakuja kutazama picha. Mjomba wake aliwahi kupewa mguu wa msaada, nao ukawa mrefu kuliko mwenzake. Akauvaa siku moja, akatembea kama mtu anayepanda ngazi upande mmoja, kisha akautundika ukutani. "Nenda kasome," alimwambia, "uje uniondolee pambo hili."

"Wewe," Bi Plasta akamgeukia, "una mikono mizuri. Unaitaka nafasi?"

Moyo wa Malkia ukaruka. Uso wake, kwa adabu aliyofunzwa, ukainama.

"Mimi ni nani, mwalimu? Wapo wanaostahili zaidi."

"Vizuri, asante kwa kuwa mkweli. Wewe je?"

"Ndiyo," akajibu kijana mmoja mrefu, ambaye Malkia alikuwa ameshambatiza Ngongoti. Hata mate hakumeza!

"Si ungesubiri akubembeleze?" mama akauliza kwenye simu.

"Nimesubiri mpaka kafunga mlango!"

Sauti ya mjomba ikadakia kwa nyuma: "Mwambie heshima huku tunazo mpaka tunafagia! Amfuate huyo mwalimu!"

Asubuhi akamfuata. Akaanza na habari za kuamka, akapitia za jana, alipofika za familia Bi Plasta akazima msumeno.

"Una shida gani?"

"Nilikuwa nawaza, kama ingewezekana, labda..."

"Sema."

"Nataka benchi." Akajiona kama kavuliwa kanga sokoni.

"Jana ulikataa."

"Jana nilikuwa na adabu."

"Na leo?"

"Leo nimeiacha nyumbani, mwalimu."

Bi Plasta akaguna. "Nimeshampa mwenzako. Akikubali mgawane, mimi sina neno."

Ngongoti alikuwa akikoroga gundi. "Hapana," akasema, bila kuinua kichwa.

Hapo ndipo Malkia alipotulia kabisa. Hapana ya mara ya kwanza! Kwao hiyo ni kufungua mazungumzo tu. Akavuta kigoda.

"Kaka yangu, najua umechoka. Nipe mchana tu."

"Nimesema hapana."

"Nimekusikia, na sauti yako nzuri. Mchana tu, kaka. Nitakufagilia."

Ngongoti akatazama mlangoni. Akamtazama Bi Plasta, aliyewasha msumeno wake. Maskini, hapana yake ilikuwa haijawahi kubishiwa hodi mara ya pili, seuze ya tatu. Hakuwa na nyingine akibani.

"Lakini... mimi ndiye..."

"Wewe ndiye mwenyewe, nani kabisha? Ndiyo maana nakuomba wewe, sikumwomba mtu mwingine. Mchana tu, ndugu yangu, Mungu akuzidishie urefu."

"Basi chukua! Chukua mchana, niache, gundi inaganda!"

Malkia akafunga aproni. Akamwangalia yule kijana aliyelowa jasho, akamdharau kutoka uvunguni mwa moyo. Mwanamume mzima, na kukataa hajui.