Kidonda cha Shangazi na Birika la Chai

Mashine ya kusokota nyuzi ilikaa chumba cha mwisho cha maabara. Dawa ya kuua vijidudu ilichanganywa na ute mzito, ikatiwa kwenye bomba la sindano, kisha umeme mkali ukauvuta ute ule ukawa uzi mwembamba, hata ukibana nyuzi mia pamoja hazifikii unene wa unywele mmoja. Uzi ulitua kwenye karatasi ya alumini ukawa utando mweupe. Fundi aliubandua kwa kibano, amebana pumzi, maana chafya moja ilitosha kumpotezea asubuhi nzima.

Utando ule ulikuwa wa kufunika vidonda visivyopona, na Fundi alikuwa na kimoja moyoni: cha shangazi yake, kwenye kifundo cha mguu, kikiwa na miezi saba sasa. Ijumaa mguu ungekatwa. Daktari alikubali utando ujaribiwe. Hakuna cha kupoteza, alisema, ila mguu wenyewe.

Jumatatu Fundi alikwenda wodini akabandika utando wa kwanza. Kidonda hakikuridhika.

"Utando huu una vidonge," kilisema, kwa sauti ya mtu mwenye mafua. "Unanikwaruza."

Shangazi alikiambia kipunguze sauti, watu wamepumzika. Yeye alishakizoea. Miezi saba si mchezo, alisema. Mume wake wa kwanza hakufika hapo.

Fundi alirudi kuchungulia kwenye hadubini. Kweli, uzi ulikuwa na vidonge kama shanga. Unyevu. Mlango wa pili tu wenzake walichemsha chai kutwa, na mvuke wote uliingia kwake. Alilichukua birika akalifungia kabatini. Wenzake walimnunia; naye akawaacha wanune, akasokota upya.

Jumatano kidonda kiliuonja utando wa pili, kikanyamaza. Alhamisi kilikuwa kimenywea kama kifungo cha shati. Ijumaa daktari alikuja na kalamu ya kuchora mstari wa kukatia, akainama, akatazama, akairudisha kalamu mfukoni.

Jioni kidonda kilimwita Fundi asogee. Sauti ilikuwa imebaki kama ya mbu.

"Mimi nilikuja hapa mkwaruzo tu, mwanangu. Nimeharibikia humu humu. Bandeji za beseni."

Kikafunga.

Beseni lile la bluu kila mtu alilijua. Lilikuwa nyuma ya wodi, na bandeji zilizotumika zilifuliwa humo, maji yaleyale tangu asubuhi, zikaanikwa, zikarudi vitandani. Fundi alikwenda kwa msimamizi wa wodi na habari hiyo. Msimamizi aliiandika kwa mwandiko mzuri, akauliza mlalamikaji ana umri gani.

"Miezi saba," Fundi akasema.

Msimamizi akaandika saba, akagonga muhuri, akafunga faili.

Jumamosi shangazi alitoka kwa miguu yake miwili, akilalamika kuwa viatu vinambana. Nyuma ya wodi beseni lilikuwa limejaa, na bandeji zilining'inia kwenye waya. Fundi alipopita kati ya vitanda, kidonda cha kitanda cha nne kilimwita. Cha tano kikasema na chenyewe kipo, tena kimetangulia. Aliviambia vingoje zamu, akaandika namba za vitanda kwenye kiganja, mpaka kiganja kikajaa akahamia mkononi.

Maabarani alilikuta birika limerudi mahali pake, linachemka. Alilizima, akalifungia, ufunguo akautia kifuani. Akawasha mashine.