Moja ya Tano

Mke wangu alipokwenda kumsaidia binti yetu aliyejifungua, aliniachia ufunguo wa kabati, sufuria ya mchuzi na paka wake. Kuhusu ufunguo na mchuzi hakusema kitu. Kuhusu paka alizungumza kuanzia chumbani hadi mlangoni mwa basi.

"Maji yake yakae kivulini. Jua hili linachemsha kila kitu. Usimfungie chumba cha cherehani, mle ni tanuri. Na sindano yake ya kinga ni Jumamosi, kadi iko chini ya redio."

"Mama, mimi nimesoma."

"Najua umesoma. Ndiyo maana narudia."

Paka huyo anaitwa Mkaguzi, kwa sababu hakuna sufuria inayofunikwa nyumbani kwetu kabla hajaikagua. Aliletwa akiwa kiganja kimoja, wiki ile mtoto wetu wa mwisho alipohama na nyumba ikapwaya kama koti la kuazima. Tangu hapo mke wangu huzungumza naye kila asubuhi, na paka humjibu. Mimi nina mbwa, Kengele, mpole sana, mwenye sauti kubwa kuliko akili.

Nilikuwa fundi cherehani miaka arobaini na mmoja. Shule niliianza nikiwa na watoto wanne. Nilikuwa nikifunga duka, nanawa uso, nakwenda darasani jioni na daftari kwapani. Hesabu nilifaulu vizuri kuliko wote, na cheti kimetundikwa juu ya cherehani, mteja asiyekiona ni yule aliyefumba macho. Nasoma kila kitu: magazeti yaliyofungia misumari, maelekezo ya pasi, hata karatasi zinazokunjwa ndani ya maboksi ya dawa.

Jumamosi nikawapeleka wote wawili, Kengele kwenye kamba, Mkaguzi kwenye kikapu chenye kifuniko. Daktari wa mifugo ni binti mdogo mwenye mikono ya haraka. Aliwachoma sindano ya kichaa cha mbwa, akatia mhuri kadi zote mbili.

"Marahaba, marahaba," nilikuwa bado naitikia salamu yake, naye ameshamaliza.

"Mzee, joto hili ukimtoa mbwa, mtoe asubuhi mapema. Weka mgongo wa mkono wako kwenye lami. Ukiona unaungua, na nyayo zake zinaungua. Na mvua zikianza, kupe na viroboto watakuwa wengi. Chukua dawa hii ya matone, ni ya mbwa. Kichupa kimoja leo, cha pili mwezi ujao. Sasa, kwa upande wa paka—"

Nyuma yangu mama mmoja mwenye mbwa wawili alikohoa kile kikohozi cha foleni. Sikupenda aone mzee mzima anafundishwa kama mtoto wa chekechea.

"Nimesoma, daktari," nikasema, nikavaa kofia. "Mengine nitayaona kwenye boksi."

Nyumbani nikampaka Kengele dawa yake katikati ya mabega. Mkaguzi alikuwa dirishani anajikuna. Nikamsogelea, kiroboto akaruka mbele ya macho yangu bila hata kuomba radhi.

Hapo ndipo elimu yangu ilipoanza kufanya kazi. Nikapanda mzani nikiwa mikono mitupu, nikapanda tena nimembeba Kengele, kisha nimembeba Mkaguzi. Nikatoa. Mbwa kilo ishirini, paka kilo nne. Kwa hiyo dawa ya paka ni moja ya tano ya dawa ya mbwa. Mtoto wa darasa la tano angeona. Nikafungua kichupa cha pili, nikavuta kipimo kwa bomba la plastiki la kunyweshea wajukuu dawa ya homa, nikampaka. Kwenye boksi kulikuwa na maandishi mengine madogo ubavuni, lakini miwani ilikuwa chumbani, na yale makubwa nilikuwa nimeshayasoma. Yalisema ni ya mbwa. Nilijua. Ndiyo maana niligawa.

Baada ya saa mbili, masikio ya Mkaguzi yakaanza kuchezacheza kama yameguswa na nzi, na nzi hakuwepo. Kisha mate. Kisha mguu wa nyuma ukatetemeka, wa pili ukaufuata. Kengele akaja, akamnusa, akalia kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

Nikampigia daktari.

"Umempaka nini, mzee?"

"Ile ya mbwa. Lakini moja ya tano tu! Nimepima!"

"Sikiliza. Muoshe sasa hivi kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza vizuri, asijilambe. Mfunge kwenye taulo apate joto, umlete. Usimnyweshe chochote. Sasa hivi, baba."

Aliponiita baba ndipo nilipoogopa.

Nilimuosha kwenye beseni. Paka mzima angenichana mpaka kwenye mfupa. Huyu aliniachia tu, anatetemeka mikononi. Jirani yangu, dereva wa teksi, alikuwa ameketi kibarazani kwake anakula tikiti. Aliniona na taulo inayochuruzika.

"Fundi, umefua paka?"

"Washa gari."

"Nawasha. Nauliza tu, na pasi umempiga?"

"Anakufa."

Akatupa tikiti, na njia nzima hakutania tena, isipokuwa kuwatukana wenye magari mengine.

Daktari alimchoma sindano ya kutuliza mtetemo, akamnyoa kipande cha mguu wa mbele, akamtundikia maji. Nilisimama kofia mkononi.

"Hesabu yangu ilikuwa sahihi," nikasema. Hata mimi niliona aibu kusikia.

"Hesabu ni sahihi, mzee. Paka ndiye tofauti. Mwili wake hauwezi kuivunja dawa hii kama wa mbwa. Hata kidogo kwake ni sumu. Yake ipo, ningekupa."

Nikakaa kwenye benchi. Miaka arobaini na mmoja niliwagombeza wanafunzi wangu wa ushonaji kwa jambo hilohilo. Kila mwaka alikuja mmoja aliyechukua vipimo vya baba mtu, akavigawa kwa mbili, akakata shati la mtoto. Shati likapendeza mezani, na kichwa cha mtoto kisipite. Niliwaambia: mtoto ana umbo lake, mpime mwenyewe! Na mimi nimekwenda kumkatia Mkaguzi shati kwa vipimo vya Kengele.

"Atapona?"

"Umewahi kumuosha, hilo limesaidia. Tutajua kesho asubuhi."

Jioni simu ililia. Mke wangu.

"Paka wangu amekula?"

"Yuko kwa daktari. Nimempaka dawa nisiyopaswa. Nimekosea, Mama."

Nilisikia mjukuu mchanga akilia upande wa pili. Kisha: "Kesho ukishamuona, nipigie kabla hujanywa chai." Akakata.

Asubuhi nilifika kabla mlango haujafunguliwa. Mkaguzi alikuwa amekaa wima ndani ya kizimba, anakagua bakuli la jirani yake. Mtetemo umebaki kidogo tu, kwenye ncha ya sikio. Nikapiga simu. Mke wangu akaomba nimsogezee paka spika, akamwita, na paka akamjibu. Kisha akakata.

Siku mke wangu aliporudi, Mkaguzi alimpanda mapajani kabla hajavua viatu. Yeye akaushika ule mguu ulionyolewa, mraba safi kabisa, akaupapasa kwa kidole muda mrefu.

"Lile boksi liko wapi?"

Nikamletea, pamoja na dawa mpya ya paka aliyonipa daktari. Mke wangu hakupata kusoma. Miaka yote mimi ndiye niliyemsomea barua.

"Vaa miwani," akasema. "Soma kwa sauti."

"Kwa mbwa pekee—"

"Si hapo. Yale madogo ya ubavuni."

Nikageuza boksi. Herufi zilikuwa ndogo kama mayai ya kiroboto. "Usitumie kwa paka. Ni sumu kwa paka."

"Rudia."

Nikarudia.

"Haya. Sasa hiyo ya paka, neno kwa neno. Mimi na Mkaguzi tunasikiliza."

Nikavuta kiti karibu na dirisha, nikaanza na maandishi madogo.