Feni ya Nyuma

Wako watu wanaosifiwa kwa macho yao na wengine kwa mikono. Yeye alisifiwa kwa masikio, mpaka jina alilopewa na wazazi likafunikwa na vumbi, wakubwa kwa wadogo wakawa wanamwita Fundi Sikio. Friji ya mtu ikigoma, alipigiwa simu, mwenye friji akaisogeza simu nyuma ya mashine, naye fundi, akiwa kwenye karakana yake, akasikiliza kidogo na kusema, "Kompresa haina neno. Ondoa hilo vumbi, halafu ivute mbali na ukuta, inakosa pumzi." Na kweli friji ikapona. Mashine za kufulia, feni, blenda, zote zilimweleza maradhi yao kwa sauti, kama wagonjwa kwa daktari wanayemwamini.

Basi masikio hayo hayo yakaanza kumtupa mkono. Hayakuondoka kwa kishindo, yaliondoka kama wageni wanaoaga mmoja mmoja. Kwanza zilikwenda sauti nyembamba: maji yanayochemka, mlio wa simu, ile "pii" ya maikrowevu inapomaliza kazi. Akasema ni nta. Baadaye akasema ni mafua yaliyomkaa vibaya. Mwisho hakusema kitu. Akajifunza kutazama midomo ya watu, kuitikia "mm" mahali pa kuitikia, na kucheka wenzake wakicheka. Hata mumewe hakumwambia. Fundi aliyejengewa jina na masikio, amwambie nani kwamba masikio yameondoka na jina limebaki peke yake?

Aliyemgundua ni wifi yake.

Wifi huyo, dada wa mumewe, alikuwa mwanamke mwenye mwili na maneno, muoka keki wa kutegemewa, aliyefanyia kazi jikoni kwake nyumbani. Alikuwa na oveni moja, lakini ni ile yenye kazi mbili: maikrowevu ya kupashia chakula, na humo humo oveni ya hewa moto ya kuokea. Ilipoacha kuoka keki, aliileta kwa fundi. Fundi akaifungua, akakuta kikata joto kimeungua. Hicho ni kidude kidogo kama kifungo cha shati, kazi yake ni kukata umeme wa hita joto likizidi kiasi. Akaweka kipya, akaiwasha, akapitisha mkono mlangoni, akahisi joto. "Chukua mali yako," akasema.

Haukupita muda, wifi huyo akarudi, oveni ikiwa kwenye toroli la kusukuma, uso umekunjamana.

"Wifi, umenifanyia nini? Keki imetoka nyeupe juu kama imepakwa chokaa, na katikati ni uji! Nimeaibika mbele ya mteja."

Fundi akaibeba, akaiweka juu ya meza, akageuka kuchomoa skrubu za kifuniko. Kikata joto kilikuwa kimeungua tena. Alikitazama kwa muda, mgongo wake ukielekea mlangoni, wakati wifi akiendelea kusema. Kisha wifi akanyamaza, maana alikuwa ameuliza swali na hakujibiwa. Akauliza tena. Kimya. Mawifi wana utani wao, naye akaamua kuchokoza.

"Wifi, kaka yangu ameniambia anataka kuoa mke wa pili."

Fundi akaendelea kukigeuzageuza kile kikata joto.

"Tena ni mzuri, na kupika anajua."

Wapi! Wifi akasogea karibu, sauti ikapungua mzaha. "Wifi, nyumba yako inaungua." Mkono wa fundi haukutikisika. Ndipo wifi akauzungusha mwili wake mzima hadi upande wa pili wa meza, akasimama mbele ya uso wa fundi, akamtazama machoni.

"Tangu lini?" akauliza taratibu.

Fundi akataka kusema "tangu lini nini." Lakini alimjua huyu mwanamke. Akaweka bisibisi chini.

"Zaidi ya mwaka."

"Na hukusema?"

"Ningesema nini?"

"Mficha uchi hazai, wifi. Hii oveni inalia! Ikishapata moto inalia kama panya aliyebanwa na mlango. Mimi nilidhani umesikia, nikadhani ni mlio wake wa kawaida, maana Fundi Sikio ameipitisha. Kumbe sikio la kufa!" Aliposema hilo akajutia, akajifunika mdomo.

Lakini fundi hakukasirikia neno hilo. Kilichomchoma ni panya. Mlio ule ungemweleza kila kitu siku ya kwanza. Alibadilisha kidude kilichoungua bila kuuliza kwa nini kimeungua, sawa na mtu anayebadilisha ndoo wakati paa linavuja. Na kama leo amekosea kwenye keki, kesho atakosea kwenye nini? Vyombo hivi vina umeme wa kuua mtu.

"Niipeleke kwa fundi mwingine?" wifi akauliza, safari hii akitamka polepole na kwa upole, na upole huo ndio uliomuuma fundi kuliko kejeli.

"Haiendi popote."

"Basi nikae hapa, nikusikilizie. Nitakwambia ikianza kulia."

"Kaa, lakini usiniambie kitu. Nataka niione mwenyewe."

"Utaonaje mlio?"

Fundi alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulikuwa kwa mikono: akaivuta oveni karibu, akaigusa ubavuni, akaigusa nyuma. Ndani ya kisanduku hiki mlikuwa na kazi mbili zisizofanana. Kazi ya kwanza ni ya mawimbi: mashine ya upande wa kulia huyatoa, nayo huingia ndani ya chakula na kuyatikisa maji yaliyomo hadi yanachemka. Mawimbi hupasha, lakini hayajui kuoka. Hayatoi rangi wala ganda. Kazi ya pili ni ya hewa. Nyuma ya ukuta wa ndani, ule wenye matundu, kuna hita ya mviringo kama bangili, na katikati ya bangili kuna feni. Feni huvuta hewa, huipitisha kwenye hita, huirudisha ndani ikiwa moto, na hewa hiyo ikizunguka keki pande zote, keki huiva na kupata rangi. Feni ikisimama, joto halina wa kulibeba. Hukaa hapo hapo nyuma likijirundika, mpaka kikata joto kinakatika.

Lakini feni ilikuwa inazunguka. Aliizungusha kwa kijiti kupitia matundu ikiwa baridi, ikaenda vizuri. Basi ni lazima isimame ikishapata moto, na mlango ukiwa umefungwa. Ataionaje?

Akafungua droo, akatoa karatasi ya foili ya kufunikia vyakula, akakata uzi mwembamba mrefu, akaufunga kwenye wavu wa ndani wa oveni, ukaning'inia mbele ya kioo.

"Wee!" wifi akapiga kelele, na kwa kelele hiyo hata fundi alisikia. "Si wewe uliyenikataza kuweka foili humo? Ulisema italipuka cheche!"

"Ukiwasha mawimbi, ndiyo. Mawimbi na foili hawapatani kabisa. Leo nawasha hewa moto peke yake. Hewa haina ugomvi na mtu."

Akaweka kikata joto kipya, akarudisha kifuniko, akachagua oveni peke yake, akahakikisha mara mbili, akawasha. Taa ya ndani ikawaka. Uzi wa foili ukainuka ukaanza kucheza, ukimeremeta. Fundi akavuta kigoda, akakaa, macho kwenye kioo, kiganja cha kushoto kikiwa juu ya bati la nyuma. Chini ya kiganja alihisi mitetemo miwili: mmoja mwepesi wa haraka, wa feni inayopoza mitambo, na mwingine mzito, wa feni ya nyuma. Hakuwahi kuitenganisha kwa mkono. Hakuwahi kuwa na haja.

Wakakaa. Wifi, ambaye kukaa kimya kwake ilikuwa adhabu, alijitahidi. Mara akakunja uso na kuziba sikio moja kwa kidole. Akafungua mdomo, akakumbuka, akaufunga. Wakati huo huo mtetemo mzito ukaanza kukatika chini ya kiganja, kama mtu anayepanda kilima na mzigo. Foili ikacheza kwa uvivu. Ikayumba. Ikaning'inia wima, ikatulia, ilhali nyuma ya matundu bangili ilikuwa nyekundu.

Fundi akazima kabla kikata joto hakijakatika.

"Beringi," akasema. "Ikipata moto inavimba na kushika."

"Imeanza kulia pale pale..."

"Nimeona."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, wahenga walisema, lakini hawakusema kazi ya kutafuta koleo jingine ilivyo ngumu. Ili aifikie mota ya feni ilimpasa afungue bati lote, na humo ndani kuna kapasita, kopo linalohifadhi umeme hata plagi ikiwa imechomolewa, umeme wa kutosha kumlaza mtu asiamke. Zamani, akiuondoa umeme huo, alisubiri ile "ta" ndogo, akajua kopo ni tupu. Sasa hiyo "ta" haipo. Alichomoa plagi, akaiweka mezani mahali anapoiona. Akaacha oveni ipoe, akamwonyesha wifi asogee nyuma. Kisha akaondoa umeme kwa waya wenye kizuizi cha kuutoa polepole, mkono mmoja ukiwa mgongoni kama alivyofundishwa, halafu akaweka mita. Namba zikashuka hadi sifuri. Akaondoa tena. Akapima tena. Jasho lilikuwa limemtoka, na hakuona haya kulifuta mbele ya mtu.

Nati ya feni ya nyuma hufunguliwa kinyume na nati nyingine, hapo mafundi wengi huivunja. Yeye hakuivunja. Mota ikatoka, beringi yake, kile kibomba kinachoshika mhimili, imelika, grisi imekauka ikawa kama gamba. Angeweza kutia grisi mpya, ikazunguka vizuri, wifi akaondoka akifurahi, na panya akarudi kabla ya keki ya kumi. Wazo hilo lilimpitia, akalifukuza.

Nyuma ya karakana kulikuwa na rafu aliyoiita makaburini, palipolazwa mashine zilizokufa. Akatoa oveni moja iliyoungua upande wa mawimbi, mota yake ikiwa nzima. Mhimili ulikuwa wa urefu ule ule, lakini matundu ya kufungia hayakulingana. Akatoboa bati jingine la kuishikilia, likakosa kwa unene wa ukucha. Akalitupa, akatoboa la pili, akasugua kingo kwa tupa, akajaribu, akasugua tena. Wifi alikwenda akarudi na chai, chai ikapoa. Wateja wawili walipita mlangoni wakaambiwa na wifi, kwa sauti ya mtu mwenye karakana, "Fundi ana mgonjwa mahututi, rudini baadaye."

Mota ilipokaa, fundi akarudia foili yake. Safari hii ilicheza tangu mwanzo hadi oveni ilipofika kwenye moto wa juu, na haikuchoka. Mtetemo mzito chini ya kiganja ulikwenda moja kwa moja, bila kukatika. Akaitoa foili, akaweka kikombe cha maji, akawasha mawimbi, akapitisha kipimo cha mawimbi pembeni mwa mlango kuhakikisha hakuna kinachovuja. Sindano ya kipimo ililala. Kisha wifi, ambaye hakuwa mtu wa kuamini sindano, akakoroga unga hapo hapo juu ya meza ya fundi. Keki ilipotoka ilikuwa ya rangi ya asali pande zote. Wakaila ikiwa moto, wakaunguza ndimi.

"Sasa utamwambia kaka yangu," wifi akasema, mdomo umejaa. "Au nimwambie mimi, na unanijua ninavyosimulia."

Alimwambia mwenyewe, jioni, mumewe akiwa anavua viatu. Alizunguka kidogo, kisha akasema kwa mkato: masikio yangu yameharibika, sisikii vizuri, na nimekuficha.

Mume akamtazama, kiatu kimoja mkononi. "Mke wangu, mimi nimekuwa nikipiga kelele humu ndani mpaka majirani wanadhani nakugombeza kila siku. Mwenye nyumba amenisimamisha njiani akaniusia nikuonee huruma. Ulidhani nimekuwa mkali bure uzeeni?"

"Ulijua na hukusema?"

"Niseme nini? Ulikuwa umefunga mlango. Nikasubiri ufungue."

Alitaka kumkasirikia, akashindwa, akacheka mpaka akalia, na kilio kikadumu zaidi ya alivyopenda.

Daktari wa masikio alimpima, akamweleza ana kwa ana kwamba mishipa imechakaa na kilichokwenda hakirudi, ila kuna kifaa kitakachosaidia kwa mazungumzo. Alikivaa. Mara ya kwanza alipoingia nacho karakanani, kila bisibisi iliyogusa bati ilimpigia kelele kama sahani zinazoanguka, akakivua, akakiweka mfukoni, siku iliyofuata akakivaa tena. Wateja wengine walipopata habari walihama. Mmoja alikuja kuchukua redio yake huku akitazama chini. Fundi alimpa, akamfungia waya vizuri, akamtakia safari njema.

Asubuhi moja palikuwa na mashine ya kufulia mlangoni, imeletwa na mwanamume aliyeanza kueleza mlio wake kwa mdomo, vuu, vuu, gwa.

"Ngoja," fundi akamwambia. Akakunja mikono ya gauni, akapiga magoti, akaweka viganja viwili kwenye bati. "Iwashe."