Siku Kapo Ilipokuwa Wazi

Siku Benita alipofariki, gari lilikuwa zima. Injini ilikuwa imewaka asubuhi bila kusumbua, tangi lilikuwa na mazutu, yaani dizeli, ya kutosha, na zile resori, springi za nyuma, ambazo kila dereva wa njia ya Kabambare huzilalamikia, hazikuwa na hata ufa. Hervé alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Yeye ndiye aliyeliegesha kando ya soko la Lusangi, akateremka, akafungua kapo, akaisimamisha kwa kile kijiti chake cha chuma, kisha akaenda zake kulala.

Asiyekaa kwenye njia hii hawezi kuelewa mara moja. Kapo, yaani kile kifuniko cha injini, ikiwa juu, gari linaumwa, na anayeumwa haombwi kazi. Magari ni machache na mwenye gari huombwa tangu kunapokucha: huyu ana matofali ya kanisa, yule ana mzee wa kupeleka Kasongo, mwingine ana magunia ya mpunga na atalipa akishavuna. Kumkatalia mtu usoni ni vibaya. Mnajuana, mmeoana, na kesho utakuwa na shida naye. Basi madereva wamejizoeza kufungua kapo. Mtu hutazama, husema pole, hupita. Hakuna aliyedanganywa kwa mdomo wala aliyeaibishwa.

Na siku hiyo Hervé hakuwa anamkimbia mtu. Alikuwa ametoka Kasongo jana yake kwa njia ya matope, mgongo ulimuuma, na mwenye mzigo wa mpunga alikuwa hajafika. Alitaka usingizi tu. Aliingia katika depo, ghala nyuma ya soko, akajinyoosha juu ya magunia matupu, akalala usingizi mzito ambao mtu huupata mchana akijua hakuna atakayemwamsha.

Faradji, jirani wa Benita, dada yake Hervé, alikuja kwa baiskeli kutoka kitongoji cha mashambani, shati limemganda mwilini. Benita alikuwa ameamka tumbo limekaza kama ubao, anatapika, hawezi kusimama. Mume wake Jean-Pierre alikuwa machimboni. Kule mashambani simu haishiki, na hata ingeshika, ya Hervé ilikuwa imezimika. Faradji aliliona gari tangu kwenye kona, na roho ikamtulia. Kisha akaiona kapo. Akawauliza wanawake wa sokoni Hervé yuko wapi.

"Atakuwa ameenda kutafuta pièce ya injini," akajibu mmoja wao, ambaye hakuwa na nia mbaya, alieleza tu kile alichokiona. "Motokari iko mugonjwa tangu asubui."

Faradji hakupoteza muda. Akachukua mtu wa pikipiki.

Benita alisafirishwa akiwa amekaa, dereva mbele yake na Faradji nyuma, amefungwa kwa kitenge kwenye mgongo wa dereva ili asianguke. Faradji alisema baadaye kwamba mwanzoni alikuwa akilia kwa kila shimo, halafu akanyamaza, na wao wakafurahi wakidhani amepata nafuu. Alikata roho kabla ya daraja la miti, hospitali ya Kabambare ikiwa bado mbali. Wakati huo Hervé alikuwa ameamka, amefunga kapo na kuanza kupakia mpunga. Habari ilimkuta mikono yake ikiwa na vumbi la magunia.

Matangani watu walisema yale yanayosemwa, na mengi yalilihusu gari. Kwamba pikap za namna ile ni za kujionyesha, zinabeba kidogo na kuharibika sana. Kwamba lori lingesaidia, au ile jeep ya zamani ya misioni, lakini siyo hii. Hervé alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na watu wakakiona kichwa hicho kuwa cha mtu anayemlilia dada yake, na kweli alikuwa akimlilia. Kisha Jean-Pierre akaja kukaa kando yake, akamshika goti.

"Shemeji, usijitese. Ile ni chuma. Wewe ungejua, ungemubeba hata mugongoni."

Neno la kweli lilimfika Hervé mpaka kooni. Mtu akaleta chai. Jean-Pierre akaitwa kupokea wageni wa Nyangwe. Neno likarudi chini, na tangu hapo kila siku iliyopita ililiongezea uzito.

Gari lenyewe lilikuwa wazo la Benita. Yeye ndiye aliyeuza karanga na mafuta ya mawese mpaka mume na ndugu yake wakaona aibu, nao wakatoa walichokuwa nacho. Na yeye ndiye aliyelichagua. Alizunguka Kasongo akiwasimamisha madereva, hakuwauliza gari linakwenda mbio kiasi gani wala linabeba magunia mangapi. Aliwauliza jambo moja: likiungua leo, kesho utanunua hilihili? Alimtazama mtu usoni kabla hajajibu, na aliyechelewa kujibu alimhesabu kuwa amekataa. Hivyo ndivyo walivyokuja kuwa wenye pikap, siyo kubwa, siyo ndogo, ya viti vitatu mbele na sanduku wazi nyuma. Kiti cha katikati kilikuwa cha Benita kila alipokwenda Kasongo.

Alipozikwa, Jean-Pierre aliuliza swali alilokuwa na haki ya kuliuliza: siku ile kitu gani kiliharibika?

"Pompe," akasema Hervé. "Pompe ya mazutu. Niliifungafunga tu, haitashika."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa mdomo, na uongo wa mdomo unataka kulishwa. Ilimbidi anunue pompe, yaani pampu. Kwa kuwa gari lilikuwa la wote wawili, Jean-Pierre aliuza mbuzi wake ili atoe sehemu yake, na Hervé akaupokea mchango huo kwa mikono miwili, kama adabu inavyotaka. Akaing'oa ile iliyokuwa nzima na kuweka nyingine iliyokuwa ikipiga mluzi kwenye vilima. Kila alipousikia mluzi ule alikaza mikono kwenye usukani.

Kisha Jean-Pierre akamletea Emmanuella, kitindamimba wa Benita, akae kwake apate kusoma, maana shule iko karibu na barabara. Pascaline, mke wa Hervé, ambaye alikuwa amezaa wavulana tu, alimpokea kama zawadi. Mtoto alikuwa na vidole vya mama yake na namna yake ya kucheka kabla mzaha haujaisha. Alimwita Hervé mujomba mara nyingi kwa siku, bila sababu, kama mtu anayejaribu kuona kama neno bado linafanya kazi. Hervé aliitika kila mara. Usingizi wa mchana ulimwisha kabisa. Hata akiwa na homa alikaa macho kwenye kiti.

Mwaka wa pili ulikuwa umeshaanza pale Mama Consolée alipoteremka Lusangi. Ni mfanyabiashara wa samaki wa Nyangwe na mafuta, anauzia Kasongo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuuzia sokoni hata akiwa ndani ya nyumba. Alitaka kununua gari jipya la kufanya njia ya Kasongo na Kabambare, akaja kuuliza kama pikap ya namna ya Hervé inafaa, na watu wa Lusangi, waliozoea kungoja gari moja, walikuwa wanamwombea. Siku hiyo Jean-Pierre alikuwa amekuja kumwona binti yake, kwa hiyo wenye gari wote wawili wakapatikana katika lupango la Hervé, yaani uani kwake, chini ya paa la jikoni, Pascaline akisonga ugali kando yao.

"Nimesikia ni ya watu wawili," Mama Consolée alisema, akikalia kiti cha plastiki kwa tahadhari. "Nataka kila mutu anijibu kivyake. Musiangaliane kama wanafunzi ku examen."

"Uko unanunua motokari, mama, ao uko unatuchunguza?" akauliza Jean-Pierre.

"Mimi niko mujane, papa. Mujane akinunua vibaya, hana bwana wa kugombeza." Akacheka peke yake, hakujua alikuwa amekaa na nani. "Swali ni moja tu. Hii motokari yenu ikiungua leo, kesho mutanunua hii hii?"

Hervé alilitambua swali la Benita. Hakuna aliyemfundisha Mama Consolée. Labda wafanyabiashara wote wa Kasongo huuliza hivyo, au labda walilichukua kwa Benita. Akaanza kueleza haraka. Resori ni ngumu, mgongo utalia. Mazutu hainywi sana. Matairi yanakwisha, lakini hiyo ni kosa la barabara. Vipuri vinapatikana Kasongo.

"Sikuuliza mugongo yako. Utanunua?"

"Nitanunua."

"Umechelewa, lakini nimesikia. Na weye, papa?"

"Hapana," Jean-Pierre akasema. "Hata bure, hapana."

Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaendelea kwa sauti ileile. "Miaka yote ilibeba mpunga ya watu, mafuta ya watu, mpaka mbuzi za watu. Siku moja tu mama ya watoto alikuwa na lazima nayo. Siku ile kapo ilikuwa juu. Alikufia ku pikipiki."

Mama Consolée akaweka kiganja shavuni. "Pole, papa. Sikujua. Pole sana." Akakusanya kitenge chake. "Basi jibu nimepata. Dereva anajibu kwa sababu ya kazi, lakini weye umejibu kwa sababu ya mutu. Nitaachana na hii njia. Ninunue mashine ya kusaga, nikae Kasongo."

Upande wa pili wa lupango Emmanuella alikuwa anaosha masufuria, akijisemesha mwenyewe kuhusu jambo la shuleni. Hervé alimtazama. Alijua akifungua mdomo, Jean-Pierre atamshika mtoto mkono na kuondoka naye siku hiyohiyo, na hapo hatasikia tena neno mujomba katika lupango lile. Alijua pia kwamba asipoufungua, gari litabeba lawama ya kifo cha Benita, njia itabaki na gari moja, na mgonjwa mwingine atakuja kulitafuta.

"Haikuwa mubovu," akasema.

Jean-Pierre akageuka. "Nini?"

"Motokari. Siku ile. Haikuwa mubovu. Nilifungua kapo nipate kulala. Nilikuwa mu depo, kule nyuma ya soko. Nililala."

Mwiko wa Pascaline ulisimama katika sufuria. Jean-Pierre alimtazama Hervé kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Na pompe?"

"Ilikuwa nzima."

"Nikauzisha mbuzi."

"Ndiyo."

"Nikauzisha mbuzi yangu, Hervé." Alikuwa hajawahi kumwita kwa jina tangu alipomwoa dada yake.

Mama Consolée aliinuka nusu, akitafuta kandambili kwa vidole vya mguu. Jean-Pierre akamwonyesha kiti. "Ukae, mama. Ulikuja kuuliza, acha usikie." Kisha kwa Hervé: "Faradji angekukuta, ungeenda?"

"Ningeenda. Ningeikimbiza mpaka ivunjike."

"Lakini hakukukuta."

"Aliona kapo."

Ugali ulianza kuungua na Pascaline hakuuondoa. Hervé alingoja apigwe, angeona nafuu. Jean-Pierre alikuwa anapangusa magoti ya suruali yake, taratibu, kama kwamba palikuwa na vumbi.

"Ununue, mama," akasema hatimaye. "Ununue hii hii. Motokari haina kosa."

Hervé akasimama kuelekea ndani ya nyumba.

"Uko unaenda wapi?"

"Kukusanya nguo za mutoto."

"Nani amekutuma?" Sasa sauti ilikuwa imepanda, na Emmanuella akaacha kuosha. Jean-Pierre akaishusha. "Masomo yake iko hapa. Kule kwetu hakuna mwalimu wa darasa yake. Mama yake alitaka asome. Hiyo haikubadilika."

Akaenda kwa binti yake, akamwinamia, akamwambia kitu sikioni kilichomfanya acheke kabla hakijaisha. Kisha akatoka na baiskeli yake. Hakumuaga Hervé. Pascaline alimsindikiza mpaka barabarani, kama inavyotakiwa, na aliporudi alichota ugali ulioungua, watu wakala. Usiku huo hakumsemesha mume wake, wala siku zilizofuata, isipokuwa kwa mambo ya nyumba.

Mama Consolée alinunua pikap ya namna ileile. Inatoka Kasongo, inapita Lusangi, inafika Kabambare. Ile ya zamani bado Hervé anaiendesha, na Faradji ndiye anayempelekea Jean-Pierre sehemu yake ya fedha za kila safari. Emmanuella anasoma na anakaa kwa mjomba wake. Siku ya Jumapili, misa ikiisha, baba yake huja kumwona. Haingii katika lupango. Husimama barabarani mpaka mtoto atoke.