Mkosaji wa Mara ya Kwanza

Luseno alikuwa anashtakiwa kama mkosaji wa mara ya kwanza kwa mara ya tatu, na kazi hiyo alikuwa ameizoea. Unavaa shati jeupe lililopigwa pasi, unainamisha kichwa, unakubali kosa haraka. Kiongozi wa mashtaka akisema hana rekodi zako za nyuma, unatulia tuli. Miaka ile ya tisini mafaili ya korti yalikuwa hayasafiri, na mtu aliyetozwa faini Nakuru aliweza kufika Nairobi akiwa safi kama mtoto aliyebatizwa jana.

Lakini safari hii aliogopa. Sheria ilisema anayerudia kuendesha gari akiwa mlevi afungwe na anyang'anywe leseni. Bila leseni, Luseno, dereva wa kiwanda cha sabuni, angesimama pale getini kila asubuhi akingoja kazi ya siku na vibarua kutoka mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, wale wale aliozoea kuwapigia honi wampishe.

Kosa lenyewe lilitendeka mchana kweupe. Akiwa amejaa pombe ya busaa hadi kooni, aliingiza lori la sabuni katika banda la mbuzi la Dirie, mfanyabiashara wa soko la mbuzi la Kiamaiko. Mbuzi wengine walitimua mbio hadi mtaa wa Huruma, wawili wakafa palepale. Na kwa kuwa hawakuchinjwa, hata nyama yao Dirie hakuweza kuiuza.

"Tafuta mzee wa kanisa akuongelee," dereva mwenzake Mutisya alimshauri. "Hakimu akiona Biblia, roho inalainika."

Luseno akamwachia mkewe Nasike kazi hiyo. Nasike akaja kortini na Mzee Shiundu wa kanisa lao la Huruma, pamoja na benchi zima la akina mama wenye vitambaa vyeupe kichwani. Luseno alipowaona akajisikia ameshashinda.

"Hakuna rekodi za nyuma, mheshimiwa," kiongozi wa mashtaka akasema huku akipiga miayo. "Achukuliwe kama mkosaji wa mara ya kwanza."

Hakimu, mama mmoja asiye na haraka, akauliza kama kuna wa kumtetea kabla ya hukumu. Mzee Shiundu akasimama, Biblia kwapani.

Sasa, mzee huyu maskini alijua njia moja tu ya kumsemea mtu, ile ya kanisani. Kwao, ukimshuhudia ndugu unaanza na shimo alimotolewa, na kadiri unavyolichimba ndivyo Mungu anavyopata sifa. Ndugu aliyetenda makosa madogo hana hadithi, watu husinzia.

"Bwana asifiwe."

"Asifiwe," wakajibu akina mama. Karani akakohoa.

"Mheshimiwa, huyu ndugu ametolewa mbali. Aligonga nguzo ya stima kule Nakuru akiwa mlevi chakari, korti ikampiga faini, sisi tukamwombea. Shetani hakulala. Akashikwa tena Thika, amelalia honi, mtaa mzima wakafikiri ni moto. Faini tena. Tukafunga, tukakesha. Na bado, mheshimiwa, neema haijachoka na yeye."

"Haleluya."

Kiongozi wa mashtaka aliacha kupiga miayo. Akatafuta kalamu, akamwomba mzee kwa adabu kubwa arudie hapo pa Thika. Mzee Shiundu alifurahi mno. Miaka yote hiyo kanisani hakuna aliyewahi kumwomba arudie. Akarudia, akaongeza mwezi na mwaka.

Hakimu akavua miwani. "Luseno, haya ni kweli?"

Luseno alifungua mdomo akane. Akina mama wote wakamgeukia kwa upendo, wakingoja aseme amina. Aibu ikamshika.

"Ni kweli," akasema.

Akapewa miezi sita jela, leseni ikafutwa. Akina mama wakaanza pambio kwa sauti ya chini, askari akawatoa nje.

Mzee Shiundu ndiye aliyetangulia kufika seli. Akamshika mkono kupitia nondo. "Ndugu yangu, ukitoka utakuwa na ushuhuda mtamu ajabu."

Luseno alitamani kumng'ata. Mzee alipoondoka, Nasike akasogea na sweta.

"Mama Laban, huyo mzee umemtoa wapi? Si ungemwambia cha kusema?"

"Sikumwambia kitu. Hivyo ndivyo yeye hukuombea kila Jumapili. Kanisa lote linajua, ni wewe tu hujui, kwa sababu Jumapili huwa umelala."

Luseno alimtazama mkewe, akaelewa polepole.

"Kwa hivyo ulijua atasema nini."

"Nilijua." Nasike akampitishia sweta kati ya nondo, mkono mmoja kwanza, kisha mwingine. Machozi yalikuwa yanamlenga lakini sauti ilikuwa imara. "Safari hii walikuwa mbuzi, Baba Laban. Na hapo kwa Dirie ndipo mtoto wako hupita akitoka shule."