Kelele za Bati Huko Nyuma

Kuna watu wamekaa huko Dar wakapanga podikasti tano za kusikiliza kama unapenda pori na safari za hatari. Ya pili kwenye orodha yao ni *Vumbi na Nyayo*, na kipindi wanachokisifu kuliko vyote ni kile cha tembo wa Mikumi. Vaa hedifoni, wanasema, fumba macho, utajiona uko shambani alfajiri. Mimi sina haja ya kufumba macho. Shamba hilo ni la shemeji yangu Cleopa, na linalopakana nalo lilikuwa la mume wangu, Yared.

Yared aliuawa na tembo msimu uliopita wa mahindi, asubuhi hiyohiyo mnayoisikia. Hao mnaowasifia kwa kuvunja mabua ndio waliomuua.

Niwaeleze tunavyolinda, maana wa mjini hamjui. Kila shamba lina dungu, kibanda juu ya miti, na kila dungu lina debe. Kabla hujateremka, unagonga debe kumuuliza jirani: kwako wapo? Kama wapo, anagonga kukujibu, nawe unabaki juu. Akinyamaza, hawapo, unashuka. Ni hivyo tu. Mtoto wa darasa la pili anajua. Na kila mtu ana namna yake ya kugonga. Ya Yared ilikuwa mapigo mawili, anapumzika, halafu matatu.

Basi akaja kijana mmoja anaitwa Godfrey, na kofia yake na kipaza sauti chenye manyoya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: adabu alikuwa nayo. Shikamoo kwa kila mkubwa, hata kwa walevi. Aliomba kulala kwenye dungu la Cleopa ili apate sauti za tembo, na akaomba jambo moja zaidi, kwamba asubuhi hiyo Cleopa asiguse debe. Alitaka sauti safi. Cleopa akakubali. Kwetu mgeni akikuomba kitu mbele za watu, kumkatalia ni aibu. Lakini hata kumwambia ndugu yako wa tumbo moja, "Kesho sitajibu"? Kinywa kilikuwa kizito?

Alfajiri mimi nilikuwa nawasha moto nyumbani. Nikasikia debe la Yared. Mawili, kimya, matatu. Akarudia. Cleopa hakujibu, nami nikajisemea, haya, kumekucha salama, baba Happyness anakuja kunywa chai. Yared akashuka. Tembo walikuwa palepale, kwenye mahindi ya Cleopa, na Godfrey alikuwa juu yao anawarekodi.

Siku ya mazishi Cleopa alisimama mbele ya watu na mbele ya mchungaji, akasema hakusikia debe lolote. Godfrey alikuwa ameshapanda basi. Nikasema mimi nimesikia, kwa masikio yangu. Nani amsikilize mjane? Mke wa marehemu atasema nini tena, wakaambiana. Basi kijiji kikaamua kwamba Yared alishuka bila kuuliza, kwamba alijiua kwa uzembe wake mwenyewe.

Wangeishia hapo ningemeza. Lakini watu wana midomo, jamani! Wakaanza kuwafundisha vijana wao: "Uliza kwanza, usishuke Kiyared." Kiyared! Binti yangu Happyness aliyasikia kwenye mashine ya kusaga, akarudi na debe la mahindi kichwani hayajasagwa. Mume wangu aliyelinda shamba miaka yote bila kuteleza, leo jina lake ni la uzembe. Tukahama, tukaja kwa kaka yangu hapa Mabwerebwere, Kilosa mjini, nikae mbali na vinywa vile.

Kipindi kikatoka. Happyness ndiye aliyekiona kwenye simu. Tulikisikiliza tumekaa kitandani, mimi na yeye. Ndege, ndege, mabua yanavunjika, tembo ananguruma chinichini kama mtu mwenye njaa. Halafu, kwa mbali: mawili, kimya, matatu. Nilipiga yowe mpaka kaka akaja mbio. Na Godfrey, kwa sauti yake tamu, anawaambia wasikilizaji, "Samahanini kwa kelele za bati huko nyuma, ni majirani wanafukuza ndege."

Ndege! Nilimtukana tusi ambalo sijawahi kulitoa mbele ya mtoto wangu. Halafu nikalia kwa furaha, niseme ukweli. Yared alikuwa ameuliza, na sasa kila mtu angesikia. Nikampigia mwenyekiti wa kijiji, Damiano. Akasema sawa mama Happyness, Jumamosi kuna mkutano, leteni simu, spika ya kanisa ipo, kila mtu atamsikia akigonga.

Ningetulia hapo. Lakini kiherehere changu! Nikasikia Godfrey amerudi Mikumi kutengeneza vipindi vipya, nikapanda basi la kupitia kijiji cha Ulaya nikamfuata. Nilimkuta anakunywa chai nje ya gesti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ile kelele ya bati, mwanangu, ni mume wangu."

Nikamweleza yote. Kijana akanywea, akaweka kikombe chini, akanishika mkono. "Mama, sikujua. Naapa sikujua maana ya debe."

Nilimwamini. Hata leo nadhani kwa hilo hakudanganya. "Basi sema," nikamwambia. "Kwenye hicho kipindi chako sema ni mtu, sema anaitwa Yared na alikuwa anauliza. Na Jumamosi uje mkutanoni."

"Nitamtaja, mama. Nitakuja." Akakisogeza kikombe chake. "Kuna wengine kijijini wameshasikia?"

"Bado. Watasikia Jumamosi."

Nikajibu hivyo, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, na kabla ya kuondoka nikambariki.

Jumamosi Godfrey hakuja, na simu yake haikupatikana. Sikujali sana. Watu walijaa, maana walishasikia kuna jambo. Cleopa alikaa benchi la mbele, ameinamisha kichwa, mikono katikati ya magoti. Alikuwa amekonda. Nilipomwona hivyo nikajua anajua, na nikamwonea huruma, Mungu anisamehe.

Happyness akaunganisha simu na spika, akakitafuta kipindi, akakipeleka mpaka pale. Ndege. Mabua. Tembo. Nikainua kidole watu wanyamaze, na wakanyamaza hata watoto. Ndege. Mabua. Tembo akapiga masikio. Halafu ndege tena.

"Rudisha," nikasema.

Akarudisha. Anaangalia kioo cha simu, ananiangalia mimi. Debe halikuwepo. Wala yale maneno ya samahani hayakuwepo. Palikuwa pamesafishwa kama sahani iliyolambwa, na njiwa analia pale Yared alipokuwa anagonga.

"Wamekibadilisha," Happyness akaninong'oneza. "Mama, wamekifuta." Hatukuwa tumekihifadhi. Nani angewaza? Kitu kikishawekwa mtandaoni, tulidhani, kimewekwa.

Nikawaambia watu lilikuwepo, tumelisikia, mimi na mtoto wangu, na kaka yangu Kilosa ni shahidi. Nilisema mpaka sauti ikakauka. Kina mama waliangalia chini. Damiano akakohoa, akasema kwa upole, "Mama Happyness, tumesikia ndege."

Nyuma kijana mmoja akasema sauti ni safi kweli, kama uko hapohapo.

Nikamgeukia Cleopa. "Shemeji, wewe ulikuwepo. Waambie!"

Akainua kichwa, na tangu mazishi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kunitazama usoni. Midomo yake ilicheza. Nilidhani atasema, nilikuwa na hakika kabisa atasema. Halafu akaitazama ile spika, kwa muda, na nikayaona mabega yake yakishuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Akasimama, akakung'uta suruali.

"Mmesikia wenyewe," akawaambia watu. "Hakuuliza."